Sakafu Kavu ni Mali: Watoto Wadogo na Baridi ya Eastlands

Jumamosi ya Julai, saa nne asubuhi, jua la Umoja, mashariki mwa Nairobi, huwa bado halijaamua. Manyunyu yameshaligeuza vumbi la barabara kuwa tope jembamba linaloshika soli, na kijana mwenye baunsing kaso amesimama kando ya furushi lake la turubai, mikono mfukoni. Hajalitandaza. Likilowa, maji yataingia kwenye mishono, na kasri la hewa likikunjwa bichi huota ukungu kabla ya Jumamosi ijayo. Ng'ambo ya barabara, ghorofa ya pili juu ya supamaketi, vicheko na vilio vya watoto wa miaka miwili, mitatu, vinatoka dirishani. Huko hakuna nafasi.

Umbali kati ya pande hizo mbili haufiki mita thelathini, lakini ndio unaoamua nani ale na nani akope kuanzia Juni hadi Agosti. Kwa mbali, kazi ya kuchezesha watoto mitaani huonekana kuwa biashara ya vidude vya rangi: slaidi, trampolini, dimbwi la mipira. Vidude ni rahisi kupata. Kinachouzwa hapa ni sakafu iliyo kavu, yenye paa, isiyopitwa na bodaboda, na wenye sakafu ni wachache.

Baridi yenyewe haiwezi kumtisha mtu aliyezoea Ulaya. Upande huu wa jiji uko mita 1,600 na zaidi juu ya bahari; pepo za kusini mashariki huleta wingu zito ambalo linaweza kukaa siku tatu bila kupasuka, na usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 10 au 11 hivi. Ila nyumba zetu hazina cha kupasha joto, na sakafu ya saruji humeza ubaridi usiku kucha ikaurudisha mchana. Cha kuchekesha, jiji hilihili liliwahi kununua baridi kwa pesa: mwaka 2005 uwanja wa kuteleza kwenye barafu ulifunguliwa katika jengo la Panari, barabara ya Mombasa, kilomita chache tu kutoka mtaa wa Pipeline. Mama wa Pipeline mwenye mtoto anayekohoa hakuwa mteja waliyemlenga.

Mteja wa biashara hii ni mtoto wa umri wa katikati. Mgongoni hatulii tena. Shule hajafika, kwa kuwa PP1, darasa la kwanza la chekechea, huanza na miaka minne. Kaka yake wa darasa la tatu atavaa sweta na kutoka hata kukinyunya. Yeye akitoka mama anaanza kuhesabu siku za homa ya mapafu. Kwa hiyo anafungiwa ndani. Na ndani hapatoshi.

Zamani palitosha, au tuseme nje palikuwa karibu. Mtaa wa Kaloleni wa miaka ya 1940 ulipangwa nyumba zikizunguka viwanja, na ukumbi wa jamii ukawekwa katikati. Buruburu, iliyoanza kujengwa mwaka 1973, iliwapa wanunuzi wake koti: ua wa pamoja ambamo mtoto alitoka mlangoni akakutana na wenzake bila kuvuka barabara. Ardhi ilipopanda bei, ua ukaliwa. Umoja Innercore ilianza na nyumba ndogo za chini. Leo ploti zilezile zimebeba ghorofa tano, sita. Pipeline ni zaidi: ghorofa nane na kuendelea, lifti hakuna, chumba cha mita tatu kwa tatu, na jua haligusi ghorofa za chini. Mita tisa za mraba. Ondoa kitanda, sofa, meko ya gesi na meza ya televisheni, uone mtoto amebakiwa na nini. Wengi huchezea koridoo, hadi keateka wa jengo awafukuze. Kuna familia ambazo huingiza jiko la makaa ndani na kufunga dirisha, na gesi yake isiyo na harufu imeua watu jijini humu. Ukilijua hilo, noti ya mia moja mlangoni pa chumba cha michezo haionekani tena kuwa anasa.

Soko hili lina ngazi zake. Juu kabisa ni moli. Greenspan, pale Donholm, ni mfano mzuri, kwa kuwa ilinunuliwa na Fahari, mfuko wa kwanza wa uwekezaji wa majengo kuuza vipande vyake katika soko la hisa la Nairobi, Novemba 2015. Yaani mtu aliyenunua kipande kwa shilingi 20 alimiliki, kwa kiasi kidogo sana, sehemu ya sakafu ambayo mtoto wa mtaa wa Savannah aliangukia. Msukosuko wa maduka makubwa ulipowakumba kina Nakumatt na Uchumi, kisha Tuskys, wenye majengo walijifunza kwa uchungu kwamba mpangaji mmoja mkubwa akianguka sakafu nzima hubaki tupu. Michezo ya watoto ni miongoni mwa vitu vinavyoweza kujaza pengo kama hilo. Faida ya mwenye moli haipatikani kwa kodi ya chumba cha michezo peke yake: mtoto akiruka saa nzima, mzazi ana saa nzima ya kupita katikati ya rafu.

Kwa mkazi wa Kayole bei ya kiingilio ni nusu ya habari tu. Kuna nauli. Mtoto wa kupakatwa halipiwi kwenye matatu, na makanga hulijua hilo kuliko mzazi; lakini akiwa na dada yake wa miaka sita, viti ni viwili, kwenda na kurudi, na mvua ikinyesha nauli hupanda bila kutangazwa. Ndiyo maana moli za upande wa pili wa jiji, hata zikiwa na treni ya watoto inayozunguka, hazimgusi sana mfanyabiashara wa Umoja. Mshindani wake yuko ghorofa ya juu ya jirani.

Hapo ndipo ngazi ya kati ilipo: vyumba vya futi za mraba mia tano, mia sita, juu ya supamaketi za mtaa, au nyumba ya zamani ya Buruburu iliyogeuzwa. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme chumba ni futi 600 na kodi ni shilingi 60 kwa futi: 36,000 kwa mwezi. Wahudumu wawili, kwa kima cha chini cha kibarua wa Nairobi kilichoanza Novemba 2024, yaani 16,113.75 kila mmoja, ni 32,227. Weka 12,000 za umeme, sabuni, dawa ya kuua viini na kushona vilivyochanika. Umefika 80,000 na ushei kabla mwenyewe hajala. Ukitoza mia kwa saa, unahitaji watoto 800 kwa mwezi. Siku za kazi huja labda wanane kwa siku. Katika siku 22 hao ni 176. Waliobaki, 624, lazima waje wikendi, karibu 78 kila siku. Julai inawezekana, hata foleni hutokea. Februari, uwanja ukiwa mkavu na bure, 78 ni ndoto.

Kwa hiyo wanaodumu wana kitu kingine mfukoni. Wengine huuza soksi. Hakuna anayeruhusiwa kukanyaga mikeka kwa viatu wala miguu mitupu, na mzazi aliyesahau soksi, ambaye ni karibu kila mzazi, hununua mlangoni. Wengine huuza chai na smokie kwa wanaosubiri. Bathidei ndizo zinazolipa kodi: mteja mmoja, malipo ya mbele, watoto ishirini kwa mkupuo. Nimekaa kwenye vile viti vya plastiki vya pembeni mara nyingi vya kutosha kujua kwamba mahali palipo na kiti kizuri na soketi ya kuchajia simu, mzazi huongeza saa ya pili bila kuulizwa.

Vifaa havina siri. Vingi hutoka China kupitia Mombasa, na makontena yanayopakiwa kwenye treni hushushwa katika bandari ya nchi kavu ya Embakasi, yaani mlangoni pa wateja wenyewe. Vidogo hutafutwa kwenye mitumba ya Gikomba na kuoshwa. Bembea na ngazi za chuma huchomelewa na mafundi wa jua kali kwa bei nafuu, ingawa ncha za chuma zao zinataka jicho kali. Bloa ya kujaza kasri hewa, ya kilowati 1.1, ikiunguruma saa sita hula yuniti 6.6, na haizimwi watoto wakiwa ndani. Hiyo ni gharama ambayo mwenye slaidi ya plastiki hana, na ndiyo sababu vyumba vingi vya ndani vimeachana na hewa.

Makanisa yamewatangulia wote. Kanisa la mtaani lina ukumbi mkubwa, sakafu imeshalipiwa na sadaka, viti vinakunjika, na kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa pametulia. Kanisa likikodisha ukumbi huo kwa siku, hakuna chumba cha kupanga kinachoweza kushindana na bei yake. Wamiliki wa vyumba hunung'unika. Mimi siwaonei huruma sana, maana mzazi ndiye anayepata nafuu.

Ngazi ya chini kabisa haijiiti mahali pa kuchezea. Ni deikea: chumba kimoja, mama mmoja, watoto kumi au kumi na watano, malipo ya siku. Julai idadi huongezeka, kwa kuwa hata jirani aliyekuwa akimwangalia mtoto nje ya duka lake la mboga hataki kumkalisha kwenye upepo. Mashirika kama Kidogo na Tiny Totos yamejenga kazi yao juu ya ukweli kwamba vyumba hivi ni biashara, na mwenye deikea anahitaji daftari la hesabu sawasawa na anavyohitaji mikeka. Nairobi ilipitisha sheria ya vituo vya kulelea watoto mwaka 2017. Ukaguzi unapofika, tatizo huwa lilelile: sheria inataka nafasi kwa kila mtoto, na nafasi ndiyo bidhaa adimu.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeipa kaunti malezi ya watoto wadogo, maktaba na vifaa vya burudani, vyote pamoja. Na kaunti si maskini wa sakafu; imerithi kumbi za jamii na maktaba kutoka enzi ya Kaloleni. Maktaba za Kaloleni na Makadara, ambazo ni matawi ya maktaba ya McMillan, zimekarabatiwa kwa juhudi za shirika la Book Bunk, na mtoto anaweza kukaa humo na kitabu cha picha. Kumbi kadhaa hufunguliwa zaidi kwa mikutano. Mfanyabiashara anayelipa kibali cha kaunti, na ushuru wa asilimia tatu wa mauzo akivuka milioni moja kwa mwaka, ana haki ya kuuliza kwa nini kufuli la ukumbi haliguswi Jumatano asubuhi ya Julai.

Saa nane mchana, siku ileile, wingu la Umoja lilipasuka. Kijana wa baunsing kaso alikunjua furushi, akalifuta kwa tambara, akachomeka bloa kwenye waya mrefu uliotoka duka la M-Pesa. Kasri likainuka kwa kusitasita, mnara mmoja ukichelewa. Wateja wake wa kwanza walikuwa wawili, waliokuwa wakishuka ngazi kutoka ghorofa ya pili na mama yao, soksi mkononi, saa yao imeisha.