Panya, Uvimbe na Kinga: Maneno Matatu Yatakayo Kupambanuliwa

Mtae ni kijiji kilichojengwa ukingoni mwa milima ya Usambara Magharibi, katika Wilaya ya Lushoto, na asimamaye hapo huiona nyika ya Mkomazi imetandaa chini yake. Tangu mwaka wa 1980, na kwa zaidi ya miaka ishirini, tauni ilizuka mara kwa mara katika vijiji vya milima hiyo, ikawapata watu zaidi ya 7,000. Azungumzaye maradhi hayo kwa Kiswahili hawezi kuyakwepa maneno matatu: panya, uvimbe na kinga. Nayo ndiyo yamtatizayo leo mfasiri aelezaye jinsi seli zichunguzwavyo kwa kingamwili zenye rangi.

Uchunguzi wenyewe huenda hivi. Kingamwili ni protini ya mwili ishikamanayo na kitu kimoja maalumu, kama ufunguo na kufuli yake. Mwaka wa 1941 Albert Coons na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard waliiunganisha na rangi ing'aayo imulikwapo, na hivyo kitu kitafutwacho kikaonekana mahali kilipo. Saitokini nazo ni protini ambazo seli za kinga hupashana habari kwazo, na baadhi yake huchochea uvimbe. Kwa kuwa seli huzitoa nje upesi, mtaalamu kwanza huzizuia kwa dawa zisitoke. Kisha huzikaza seli kwa fomaldehaidi, huutoboa utando wake kwa saponini, na kuzitia kingamwili zenye rangi. Mwisho seli hupitishwa moja moja mbele ya mwali wa leza, na chombo huzihesabu zile zing'aazo.

Sasa tutazame maneno. Kiswahili humwita panya yule mdogo wa maabara, yule mkubwa wa ghalani, na hata yule wa shamba, ambao Kiingereza huwatenga kwa majina. Lakini kingamwili iliyotengenezwa kushika saitokini ya mmoja huenda isiishike ya mwingine. Hapana budi, basi, kusema "panya mdogo wa maabara".

Uvimbe nao ni mtoki wa mgonjwa wa tauni, ni donge la saratani, na tena ni hali ya seli kuchochewa, iwezayo kuwapo hata pasipo kiungo kuonekana kimevimba. Kwa maana hii ya mwisho neno "mchochota" lafaa zaidi.

Neno zito kupita yote ni kinga. Watafiti huko Lushoto walipima damu za panya na mbwa wakitafuta kingamwili za tauni. Zionekanapo, maana yake ni kwamba mnyama amekwisha kukutana na bakteria wa tauni. Yaani hatari imepita hapo, na pengine ingalipo. Lakini mkulima wa Mtae aambiwaye kwamba panya wa kwake "wana kingamwili" aweza kusikia "kinga" tu, akatulia, asitoe habari aonapo panya wamekufa. Neno lililokusudiwa kuonya limegeuka kuliwaza.

Kwa hiyo yafaa "kingamwili" liachiwe protini peke yake, na "kinga" liwe hali ya kulindwa. Na tangazo liendalo kijijini lisitaje hata moja kati ya hayo; liseme waziwazi kwamba alama ya tauni imeonekana.