Mgeni Siku Mbili, Siku ya Tatu Mpe Jembe

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, chanjo na lishe. Safari hii tuzungumze juu ya wageni, yaani wafanyakazi wa makampuni wanaokuja kujitolea siku moja kwa ajili ya yatima na watoto wengine walio katika mazingira magumu. Ni jambo jema. Lakini sisi wauguzi tumeona kwamba wema usiopangwa unaweza kumlaza mtoto wodini.

Makopo mawili ya maziwa

Miaka kadhaa iliyopita wafanyakazi wa kampuni moja walikitembelea kituo cha watoto katika bonde letu la Kilombero. Walivaa fulana za rangi moja, wakapaka kuta chokaa, wakacheza mpira na watoto, wakagawa soda na biskuti. Akina bibi wanaolea wajukuu wachanga waliitwa, na kila mmoja akapewa makopo mawili ya maziwa ya unga pamoja na chupa ya kunyonyeshea. Picha zikapigwa, na jioni gari likaondoka.

Wiki tatu baadaye tulimpokea mtoto wa miezi minne anayeharisha. Macho yalikuwa yameingia ndani, na ngozi ya tumbo ukiifinya ilikawia kurudi. Mama yake alifariki siku chache baada ya kumzaa. Tangu hapo mama yake mdogo, aliyepimwa na kukutwa hana virusi vya UKIMWI, alikuwa akimnyonyesha pamoja na mwanawe, na mtoto alikuwa akiongezeka uzito. Makopo yalipofika, nyumba nzima iliamini kwamba maziwa ya dukani ni bora kuliko ya titi. Mama mdogo akaacha kumnyonyesha. Bibi akaenda naye shambani, kwenye kibanda cha msimu wa mpunga. Maziwa yalipokaribia kwisha aliyazimua: kijiko kimoja mahali pa vitatu. Chupa aliisuuza kwa maji ya kisima yasiyochemshwa.

Hatukumlaumu bibi. Wala wale wafanyakazi hawakuwa na nia mbaya, kwani wengine walichanga kutoka mishahara yao. Kosa lilikuwa katika hesabu. Mtoto asiyenyonya kabisa huhitaji karibu kilo 20 za maziwa ya unga katika miezi 6 ya mwanzo, yaani makopo 50 ya gramu 400. Huyu alipewa mawili! Kanuni za Shirika la Afya Duniani za mwaka 1981 kuhusu biashara ya maziwa ya watoto zinakumbusha kwamba anayetoa na anayepokea wote wana wajibu wa kuhakikisha msaada unaendelea kwa muda wote mtoto anapouhitaji. Kwetu sisi, neno hilo halihusu maziwa peke yake.

Bonde letu lina mifano mizuri

Tusije tukadhani makampuni hayana la kufanya. Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alianzisha maabara ya utafiti hapa Ifakara. Baadaye makampuni ya kemikali na madawa ya mji huo yaliunda mfuko wa pamoja, na mwaka 1961 chuo cha kufundisha watumishi wa afya wa vijijini kikafunguliwa hapa hapa. Wataalamu walitoka Uswisi kuja kufundisha. Mwaka 1978 chuo kikakabidhiwa Serikali. Waliondoka, lakini ufundi ulibaki mikononi mwa wenyeji.

Mfano wa pili ni wa vyandarua. Kuanzia mwaka 1997 mradi wa KINET ulieneza vyandarua vya Zuia Mbu vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, kwa bei ambayo wengi waliimudu. Wenye maduka walishiriki kwa kazi waliyoijua, yaani kuuza. Watoto wachanga waliolala ndani ya vyandarua vyenye dawa hawakufikia 10 kati ya 100 mwanzoni. Baada ya miaka 3 walizidi 50 kati ya 100. Watafiti waliona kuwa vyandarua vyenye dawa viliongeza kwa asilimia 27 uhai wa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4. Mgeni akiondoka, chandarua hubaki kitandani.

Moyo wa mtoto nao huumwa

Mkoani Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, yatima walikuwa wengi mno. Mwaka 1997 mradi wa Humuliza ulianza huko Nshamba, wilayani Muleba. Shirika la Terre des Hommes la Uswisi na mfuko wa misaada wa kampuni ya madawa ya Novartis waliusaidia. Mradi huo ulifundisha walimu na walezi namna ya kumsikiliza mtoto aliyefiwa, na yatima wenyewe wakaunda chama chao, Vijana Simama Imara. Fedha ilitoka mbali, lakini aliyekaa na mtoto jioni alikuwa mtu wa kijijini kwake, ambaye kesho angekuwapo.

Jambo hili lina uzito. Mtoto aliyefiwa humng'ang'ania mgeni anayempakata. Mgeni akiondoka asirudi, na mwezi ujao akaja mwingine, mtoto hufiwa upya kila mara. Siku ile kituoni watoto waliuliza, "Watarudi lini?" Hakuna aliyekuwa na jibu.

Ushauri wetu kwa makampuni

1. Ulizeni kwanza. Mwoneni afisa ustawi wa jamii, muuguzi wa zahanati na mlezi kabla ya kununua chochote.

2. Leteni ufundi wenu. Fundi bomba atengeneze maji, fundi umeme akague nyaya, mhasibu afundishe kutunza vitabu vya fedha. Kupaka chokaa vijana wa kijiji wanaweza.

3. Wakumbukeni watoto walio majumbani. Yatima wengi wa bonde hili wanalelewa na bibi au shangazi, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua haki ya mtoto kuishi na familia. Bima ya afya, chandarua na sare za shule vikimfikia bibi, mtoto habanduki nyumbani.

4. Msigawe maziwa ya kopo, chupa wala dawa bila ushauri wa mhudumu wa afya.

5. Ahadi iwe ndogo lakini itimizwe. Ni afadhali watu wanne wale wale kila robo mwaka kuliko arobaini mara moja.

6. Tunzeni siri. Hali ya mtoto kuhusu virusi vya UKIMWI inalindwa na sheria ya mwaka 2008. Msipige picha bila ruhusa ya mlezi.

Nanyi walezi, msiogope kusema. Mgeni akiuliza mnahitaji nini, msijibu "chochote tu". Mwonyesheni paa linalovuja na choo kilichojaa.

Yule mtoto tulimtibu kwa dripu na maji ya chumvichumvi, tukamwita mama yake mdogo. Kwa kuwa mwanawe alikuwa bado ananyonya, maziwa hayakuwa yamekauka. Baada ya siku chache wote wawili walinyonya, na mwezi uliofuata mstari wa kadi yake ya kliniki ulianza kupanda. Kilichohitajika tangu mwanzo kilikuwa chakula cha kutosha kwa mama mdogo, sabuni, chandarua, na mtu wa kumwambia bibi kwamba anafanya vizuri.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tuwakaribishe wageni wetu kwa furaha, kisha tuwaonyeshe shamba lilipo.