Mazoezi hudumu ukiwa na mtu wa kukungoja

WANAOANZA kukimbia ni wengi, wanaoendelea ni wachache. Kila Januari barabara ya kando ya ziwa hapa Nyanza-Lac hujaa watu wenye raba mpya na taulo shingoni. Ikifika Machi, mvua imeshika, unabaki na wale wale uliowaona mwaka uliopita.

Ukiwauliza walioacha, watakuambia nia iliisha. Wahenga walisema penye nia pana njia, lakini sisi tunaoishi kwa biashara ya mpakani tunajua kwamba nia huchoka upesi. Leo gari limeharibika njiani, kesho bei ya vitenge imepanda, keshokutwa mtoto ana malaria. Anayesubiri moyo utulie ndipo akimbie, atakimbia mara mbili kwa mwezi.

Mimi nakimbia tangu mwaka 2011. Nia yangu haizidi ya wenzangu. Nimedumu kwa sababu mazoezi yangu niliyafunga kwenye vitu vitatu: saa maalumu, njia ninayoijua, na mtu anayeningoja.

Presha na kesi ya shamba

Nilizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, kwa wazazi waliokimbia Burundi mwaka 1972. Wakimbizi wa 1972 walipopewa nafasi ya kuchagua ama kuomba uraia wa Tanzania ama kurudi, sisi tulichagua kurudi, tukaingia Burundi mwaka 2008. Wasomaji wengi wa ukurasa huu wanajua kilichofuata. Kwenye shamba la baba tulikuta familia nyingine, nayo ilikuwa imeishi hapo zaidi ya miaka thelathini. Wao walikuwa na karatasi, sisi tulikuwa na ushahidi wa wazee. Kesi ikaanza, na kesi ya ardhi haina haraka.

Wakati tunasubiri, nilifanya biashara ya vitenge kutoka Kigoma kupitia Manyovu na Mugina. Mtu anaweza kudhani mfanyabiashara wa mpakani hahitaji mazoezi. Ukweli ni kwamba kazi hii ni ya kukaa: unakaa kwenye gari, unakaa forodhani, unakaa kwenye kibanda sokoni, halafu usiku unakula chipsi na kulala.

Mwaka 2011 muuguzi alinipima presha akakuta 160 kwa 100. Alirudia siku nyingine mbili, hali ikawa ile ile. Nilipewa dawa, nikaambiwa nipunguze chumvi na nifanye mazoezi. Nilikuwa na miaka 35. Mama yangu mzazi alifariki kwa kiharusi, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Anza chini ya uwezo wako

Nilianza kwa kukimbia dakika moja na kutembea mbili, nikirudia mara kumi. Jumla ni nusu saa, siku tatu kwa wiki. Watoto wa jirani walicheka: “Mama, unakimbizwa na nani?” Baada ya miezi miwili niliweza kukimbia dakika kumi bila kusimama, na watoto wakachoka kucheka.

Kipimo cha kasi ni mdomo wako. Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, hapo moyo unafanya kazi yake vizuri. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza mwendo. Kila wiki ongeza dakika chache tu. Pumzi huongezeka haraka, lakini mifupa na kano hupata nguvu polepole. Ndiyo maana wanaoanza wengi huumia wakati ule ule wanapojiona wameshakuwa hodari.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au ya nguvu dakika 75 hadi 150, na akaze misuli angalau siku mbili. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Kutembea haraka kunahesabiwa.

Jirani wa upande wa pili

Mwezi wa tatu, mwanamke wa ile familia tuliyokuwa tunashtakiana nayo alinisimamisha njiani. Naye alikuwa ameambiwa hospitalini kuwa sukari yake imepanda. Hakunisalimia kwa urefu. Aliniuliza, “Dada, kesho unatoka saa ngapi?” Nikamjibu, “Saa kumi na moja na nusu.” Kesho yake nilimkuta amesimama kwenye mwembe, kanga kaifunga kiunoni.

Hatukuanza kwa mapenzi. Tuliwekeana masharti mawili. La kwanza, njiani hakuna habari za shamba. La pili, asiyeweza kuja atume mtoto jioni iliyotangulia. Hilo la pili ndilo lililotudumisha. Ziko asubuhi ambazo sikutaka kabisa kuamka, lakini nilijua mtu amesimama gizani. Baadaye aliniambia kwamba yeye pia alikuwa hivyo: kuonekana mvivu mbele ya mtu mnayeshtakiana naye ni aibu kuliko uchovu wote.

Kesi iliisha mwaka 2013 kwa kugawana shamba nusu kwa nusu. Hakuna upande uliofurahi. Wako wanaosema mbio ndizo zilizoleta suluhu. Hapana, waliomaliza kesi ni wazee na wapimaji. Lakini siku ya kuweka mipaka sisi wawili tulisimama sehemu moja bila kutukanana, na kesho yake saa kumi na moja na nusu tulikuwa barabarani kama kawaida.

Safari, mvua na mfungo

Kwa mfanyabiashara, safari ndiyo inayovunja ratiba. Mimi nina kanuni moja: naweza kukosa siku moja ya mazoezi, lakini sikosi mbili mfululizo. Nikiwa sina nusu saa, nafanya dakika kumi. Pumzi ya mkimbiaji haipotei kwa siku tatu; huanza kushuka waziwazi baada ya kama wiki mbili za kukaa bure. Kwa hiyo safari ya siku nne si sababu ya kusema umerudi mwanzo.

Nikilala Mwanga mjini Kigoma, natoka gesti nashika barabara ya Ujiji, muda wangu ukifika nusu nageuka. Kumbuka saa za Tanzania ziko mbele ya zetu kwa saa moja. Saa kumi na moja na nusu ya Nyanza-Lac ni saa kumi na mbili na nusu ya Kigoma. Usisumbuke na saa ya ukutani. Mwili haujui mpaka, unafuata jua, na jua la pande hizi mbili ni lile lile.

Mvua ikinyesha, fanya ndani: kuchuchumaa na kusimama mara kumi na tano, kusukuma ukuta kwa mikono, kuruka kamba kama nafasi ipo. Zungusha mara nne. Wakati wa Ramadhani tunahamisha mazoezi hadi nusu saa kabla ya futari, na tunatembea tu, ili maji yawe karibu. Mwenye sukari au anayetumia dawa aulize kwanza daktari kuhusu kufunga na kuhusu saa za dawa.

Raba za mtumba hazina ubaya, ila zikague. Ziweke juu ya meza uzitazame kwa nyuma. Zikilala upande mmoja, ziache, maana zitakulaza goti. Soli ikijikunja katikati kama chapati, ziache pia.

Kikundi kikikatazwa, watu wakitawanyika

Burundi ina desturi ya kukimbia kwa vikundi, hasa Bujumbura, watu wakiimba na kupiga makofi mwishoni mwa wiki. Machi 2014, baada ya wanachama wa chama kimoja cha upinzani kupambana na polisi, vikundi vilikatazwa kukimbia ovyo barabarani, vikatakiwa kupata ruhusa na kutumia viwanja vilivyotajwa. Wengi waliotegemea nyimbo za kikundi waliacha mazoezi kabisa. Sisi wawili hatukuwa kikundi, tukaendelea.

Mwaka 2015 ulikuwa mgumu zaidi. Jirani yangu na watoto wake walikuwa miongoni mwa maelfu waliovuka hadi Kagunga, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Mimi nilibaki. Kwa miaka mitatu nilipita kwenye ule mwembe peke yangu. Aliporudi mwaka 2018 alikuwa amekonda, lakini alinieleza kwamba kambini aliamka saa ile ile na kutembea kabla ya foleni ya maji. Alisema kambini chakula unapangiwa, kuni unapangiwa, hata pa kulala unapangiwa. Alfajiri tu ndiyo aliyojipangia mwenyewe. Nami, kwa miaka ile ya kesi, nilikuwa na asubuhi tu ambayo hakuna hakimu aliyeweza kuiahirisha.

Mfano wa mabingwa wetu

Vénuste Niyongabo, aliyezaliwa Vugizo huku kwetu upande wa Makamba, alikuwa hodari wa mita 1,500. Kwenye Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 alimwachia nafasi hiyo Dieudonné Kwizera, mkimbiaji aliyezikosa Olimpiki zilizotangulia kwa kuwa Burundi haikuwa na kamati ya Olimpiki. Niyongabo alikimbia mita 5,000, mbio asizozizoea, akaleta dhahabu ya kwanza ya nchi.

Francine Niyonsaba alipata fedha ya mita 800 huko Rio mwaka 2016. Mwaka 2019 kanuni mpya za homoni zilimfungia umbali huo. Alihamia mbio ndefu, na Septemba 2021 mjini Zagreb aliweka rekodi ya dunia ya mita 2,000. Sisi wa barabarani hatutafuti medali, lakini somo ni letu pia: njia ikifungwa, badilisha umbali, usivue raba.

Kabla hujaanza

Mwenye maumivu ya kifua, anayezimia au anayekosa pumzi akiwa amekaa, aende hospitali kabla ya kukimbia. Mwenye presha asiache dawa kwa sababu anajisikia vizuri. Presha yangu sasa hucheza kwenye 130 kwa 80, na kidonge kimoja bado nakunywa kila siku. Mazoezi yamenisaidia, dawa imenisaidia, na chumvi niliyoiacha imenisaidia.

Kwa hiyo, msomaji, kabla ya kwenda mnadani kununua raba, tafuta kwanza mtu. Si lazima awe rafiki. Awe tu mtu utakayeona haya kumwacha amesimama gizani. Mpangieni saa, chagueni mti wa kukutania, na usiku huu msiagane bila kuambiana nani atamwamsha mwenzake.