Mpiga Picha Mzee na Mzigo Wake

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno mawili: lenzi na bamba. Lenzi ni kioo cha mbele ya kamera, kinachokusanya mwanga. Bamba ni kipande cha kioo kilichopakwa dawa. Zamani kilitumika mahali pa filamu.

Huenda wewe unayesoma uliwahi kupigwa picha na fundi aliyejifunika kitambaa cheusi nyuma ya sanduku la mbao. Sanduku lile ni zito. Lina mbao, chuma na vioo, tena lataka miguu mitatu ya kulisimamisha. Hata hivyo wapo watu mpaka leo wanaozipenda kamera za namna hiyo, na wengine ni wazee. Mzee wa miaka 65 anataka kupanda mlima na kamera yake. Wanawe wanamwambia, "Baba, iuze." Afanye nini?

Tumtazame Ansel Adams, mpiga picha wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1902. Siku ya tarehe 10 Aprili 1927 alipanda juu katika milima ya Yosemite, huko California. Alikuwa na miaka 25. Mgongoni alibeba kama kilo 18: kamera ya mbao, vifaa vyake, na mabamba 12. Alipolikabili jabali kubwa liitwalo Half Dome, alikuwa amebakiwa na mabamba 2 tu. La kwanza alipolitumia aliona kwamba anga halitatoka kama alivyotaka. Litakuwa jeupe mno. Basi kwa lile la mwisho akaweka kioo chekundu mbele ya lenzi. Anga likatoka karibu jeusi, na jabali likasimama kama ukuta. Picha hiyo ni mashuhuri hata leo.

Sasa twende mbele miaka 33. Mwaka 1960 Adams alikuwa na miaka 58. Alilipiga picha jabali lile lile, na mwezi juu yake. Safari hii hakupanda. Alikuwa chini bondeni, na kamera yake ilikuwa Hasselblad, ndogo kuliko ile ya mbao. Filamu moja ya kamera hiyo hutoa picha 12. Hesabu ni ile ile ya mabamba aliyoyabeba ujanani, lakini filamu yatiwa mfukoni! Na picha hii nayo ilipata sifa kubwa.

Basi mzee wetu hana haja ya kuiuza kamera. Haja yake ni kuamua kabla ya kutoka nyumbani: leo nataka picha gani? Akijua, atachukua lenzi moja badala ya nne. Mimi naona lenzi nyingi hubebwa kwa hofu tu, wala hazitoki mkobani.

Umri hupunguza nguvu za misuli. Magoti huumia zaidi wakati wa kushuka kuliko kupanda, kwa hiyo mzigo uliopanda nao vizuri asubuhi waweza kukutesa jioni. Usitundike mkoba begani upande mmoja, maana mwili hupinda. Tumia mkoba wa mikanda miwili, na kitu kizito kabisa ukiweke karibu na mgongo. Unapouinua kutoka chini, kunja magoti, usiiname kwa kiuno.

Miguu mitatu ya mbao ni mizuri lakini yalemea. Chukua myepesi, kisha ukifika utundike mkoba wako katikati yake, chini ya kamera. Uzito ule ule uliokuchosha njiani sasa utaizuia kamera isitikiswe na upepo.

Ukiwa na mjukuu wa kukusaidia, mpe abebe miguu mitatu. Lenzi ukae nayo mwenyewe, vijana hukimbia.

Sasa fungueni madaftari. Mzee mmoja alisimama juu ya mizani akiwa amebeba mkoba: kilo 79. Akauweka chini, akapima tena: kilo 66. Mkoba una kilo ngapi? Akitoa lenzi mbili, kila moja nusu kilo, na miguu mitatu ya kilo 5, atabakiwa na mzigo wa kilo ngapi? Andika jibu lako kwanza, ndipo ulitazame la jirani.