Vibwengo wa Wales na Wapiga Upinde wa Mons

Hakuna askari aliyepata kulinda zamu ya saa nane usiku hadi saa kumi ambaye hakusikia jambo asilothubutu kuliandika katika kitabu cha lindo. Kwa sababu hiyo hatuoni haya kuwaletea ndugu zetu askari na polisi habari za mtu aliyeishi kwa kuandika hadithi fupi za uchawi na vibwengo, kisha hadithi yake moja ikamponyoka mkononi ikaingia vitani.

Mtu huyo ni Arthur Machen, mwana wa kasisi, aliyezaliwa mwaka 1863 huko Caerleon katika nchi ya Wales. Mji huo mdogo zamani ulikuwa ngome ya lejioni moja ya jeshi la Warumi, na masalio yake yamo ardhini hata leo. Nyuma ya mji kuna vilima na misitu, na humo, kwa imani ya wazee wa Wales, wamo viumbe wadogo wasioonekana. Wazee hao waliwaita kwa jina tamu la Jamii Nzuri. Si kwa kuwapenda, bali kwa kuwaogopa. Kama vile wazee wetu wanavyokataa kumtaja nyoka usiku, wakasema "kamba".

Machen hakudanganyika na jina hilo tamu. Vibwengo wake hawana mabawa wala nguo za hariri kama wale wa vitabu vya watoto. Ni watu wafupi, wabaya wa sura, wazao wa taifa la kale lililofukuzwa na wavamizi likajificha chini ya vilima. Tukisema kijeshi, ni mabaki ya jeshi lililoshindwa ambalo halikupata kusalimu amri.

Ndugu zetu wa upelelezi watapendezwa zaidi na hadithi yake ya mwaka 1895, "The Shining Pyramid", maana yake Piramidi Ing'aayo. Bwana mmoja wa shamba aitwaye Vaughan anaona kando ya ukuta wa bustani yake vichwa vya mishale vya mawe, vya kale mno, vimepangwa kwa mistari kama askari gwarideni. Asubuhi nyingine vimepangwa kama bakuli, tena kama piramidi, tena kama nusu ya mwezi. Kijijini binti mmoja ametoweka. Vaughan anahofia wezi wanaovizia vyombo vyake vya fedha. Rafiki yake Dyson, aliyetoka London, anatazama ukuta. Juu yake yamechorwa macho yenye umbo la lozi, nayo yamechorwa chini sana, kwenye kimo cha mtoto mdogo. Dyson anajua kwamba mtu achoraye ukutani huchora kwenye usawa wa macho yake mwenyewe. Lakini hao si watoto. Basi anazisoma zile alama kama amri ya kijeshi: kikosi kikutane penye bonde lililo kama bakuli, baada ya nusu ya mwezi, kwa ajili ya piramidi. Usiku ule mabwana wawili wanalala kifudifudi kilimani, wanaona bonde limejaa viumbe, na piramidi ya moto ikipanda na yule binti ndani yake. Hawawezi kumwokoa. Sisi tulipoisoma mara ya kwanza tulimkasirikia mwandishi kwa hilo. Siku hizi twaona kwamba doria ya watu wawili mbele ya adui wasiohesabika isingeweza kufanya zaidi ya kutazama na kutoa taarifa.

Ikaja Vita Kuu. Tarehe 23 Agosti, 1914, Waingereza walipambana na Wajerumani huko Mons, Ubelgiji, wakalazimika kurudi nyuma. Machen wakati huo alikuwa mwandishi wa gazeti la Evening News la London. Tarehe 29 Septemba gazeti lilitoa hadithi yake fupi, "The Bowmen". Askari mmoja handakini anakumbuka maneno ya kumwomba Mtakatifu George aliyoyaona kwenye sahani za mgahawa. Anayatamka, na mara safu za watu wang'aao zinatokea na pinde zao, nao ni wapiga upinde wa vita vya Agincourt vya mwaka 1415. Wajerumani wanaanguka kwa maelfu, na miilini mwao halionekani jeraha.

Gazeti halikuandika juu yake kwamba ni hadithi ya kubuni. Barua zikaanza kuja zikiuliza habari ile ilitoka kwa nani. Machen akajibu kwamba aliitunga mwenyewe. Kasisi mmoja aliyetaka kuichapa upya aliambiwa hivyo, naye akashikilia kwamba mambo yenyewe lazima yalitukia kweli, mwandishi ameyapamba tu. Kufikia mwaka 1915 wapiga upinde walikwisha kugeuka malaika, na watu waliapa kwamba wanamjua mtu anayemjua askari aliyewaona. Mwezi Agosti mwaka huo Machen alitoa kitabu chenye hadithi ile na utangulizi mrefu wa kukanusha. Mwandishi Harold Begbie akatoa kitabu cha kumpinga, akiwatetea malaika.

Sisi tulio katika kazi ya kutoa taarifa za jeshi twajiuliza kama tungekuwa na moyo wa Machen. Uvumi ule uliwapa faraja wazazi waliofiwa na ukawatia watu ari. Kuukanusha hakukumletea mwandishi rafiki.

Tulipokuwa chuo cha makadeti ilisemekana kwamba katika mto ulio nyuma ya uwanja wa shabaha kuna kitu kinachoita watu kwa majina yao ya utotoni. Hakuna kadeti aliyekwenda mtoni usiku. Siku ya kumaliza mafunzo tulimwendea sajini wetu, tukamwuliza kama alijua uvumi ule ulianzia wapi.

"Katika kundi lenu," alijibu, "kuna hata mmoja aliyetoroka kwa njia ya mto?"

Tukasema, "Hapana, afande."

Akapiga saluti, akaenda zake.