Sauti ni Nyingi, Daftari ni Moja
Namna ya kutafuta na kupanga sauti za kinanda cha kikundi



Leo tunataka kuzungumza juu ya kinanda cha umeme. Msicheke. Kinanda ni mali ya kikundi kama vile mashua au mashine ya kusaga ilivyo mali ya kikundi, na mali ambayo watu hawajui kuitumia hailetei kikundi faida. Inaleta aibu. Aibu hiyo tuliiona kwa macho yetu Mfangano, na ndiyo sababu tunaandika.

YALIYOTOKEA MATANGANI

Kikundi kimoja cha kisiwani, ambacho hatutakitaja jina, kilichanga kidogo kidogo mpaka kikanunua kinanda kilichokwisha kutumika pamoja na spika mbili. Kinanda kikawa kinakodishwa kwenye harusi, harambee na matanga, na pesa zinaingia katika mfuko wa karo za watoto. Mpigaji alikuwa kijana mmoja hodari sana. Basi kijana akapata kazi Kisumu, akapanda boti akaenda zake.

Haukupita muda kukawa na mazishi. Binti mmoja wa kwaya akakubali kukaa kwenye kinanda. Mwili ulipokuwa unatolewa nyumbani, akataka kuacha piano na kuingia sauti ya taratibu. Akazungusha kifundo hatua moja kurudi nyuma, akabonyeza. Spika zikatoa mlio wa bunduki. Watu wakainama, watoto wakakimbia, mama mfiwa akaanza kulia upya.

Binti yule hakuwa mzembe. Piano ni nambari 1. Ukirudi nyuma ya 1, kinanda kile kinazunguka hadi nambari ya mwisho, yaani 128, na 128 ni mlio wa bunduki. Kijana aliyehama alikuwa anajua hayo yote. Lakini alikuwa anayajua kichwani, na kichwa chenyewe kilikuwa Kisumu. Baada ya siku ile miezi ilipita bila mtu kuja kukodi, na mfuko wa karo ukalala.

Waswahili husema mali bila daftari huisha bila habari. Tumezoea kulisema neno hilo juu ya pesa. Hata sauti za kinanda ni mali, nazo zinataka daftari.

SAUTI HIZI ZILITOKA WAPI?

Zamani sintesaiza, yaani kinanda kinachotengeneza sauti kwa umeme, ilikuwa haina kumbukumbu. Minimoog iliyotoka Marekani mwaka 1970 ilikuwa hivyo. Mpigaji alizungusha vifundo mpaka apate sauti anayoitaka, halafu achore kwenye karatasi kila kifundo kimesimama wapi. Asipochora, kesho yake anaanza upya. Kwa hivyo daftari tunalolisema si jambo geni, hata wakubwa wa kazi hii walianza nalo.

Mwaka 1978 ikatokea Prophet-5, ambayo iliweza kukumbuka sauti 40. Unabonyeza tu, sauti inarudi kama ulivyoiacha. Mwaka 1983 Yamaha wakatoa DX7 yenye sauti 32 ndani yake. Kuunda sauti mpya katika DX7 kulikuwa kazi ngumu, kwa hivyo wapigaji wengi waliridhika na zile zilizowekwa kiwandani. Mpaka leo wengi wetu tuko hivyo, tunatumia sauti za kiwandani, na kazi yetu kubwa ni kuchagua.

Mwaka 1991 makampuni yakakubaliana juu ya orodha moja ya sauti 128, inayoitwa General MIDI, ili wimbo uliotengenezwa kwenye kinanda kimoja usikike karibu sawa kwenye kingine. Orodha hiyo imegawanywa katika nyumba 16, na kila nyumba ina vyumba 8. Mkizijua nyumba, hamtapotea:

1–8: piano
9–16: vyombo vya kugonga vyenye noti, kama kengele na marimba
17–24: ogani, kodiani na kinanda cha mdomo
25–32: magitaa
33–40: besi
41–48: fidla na jamaa zake
49–56: nyuzi nyingi kwa pamoja, na sauti za kwaya
57–64: tarumbeta na jamaa zake
65–72: saksafoni na klarineti
73–80: filimbi
81–88: sauti za umeme za kuongoza wimbo
89–96: sauti za umeme za kutandika chini ya wimbo
97–104: sauti za umeme za mapambo
105–112: vyombo vya asili vya nchi mbalimbali
113–120: ngoma na vyombo vingine vya kugonga
121–128: milio, kama mawimbi, ndege, simu, helikopta, makofi na bunduki

Angalieni mambo mawili. Kwanza, kuna vinanda vinavyoanza kuhesabu kwa 0. Hapo piano inakuwa 0 na bunduki inakuwa 127. Pili, vinanda vya siku hizi vina sauti nyingi kupita orodha hii. Yamaha PSR-E373, kwa mfano, ina sauti 622, nazo zimepangwa kwa utaratibu wake yenyewe. Kitabu kinachokuja na kinanda kina orodha nyuma. Kikipotea, mtu mwenye simu ya intaneti anaweza kukipata kwa kutafuta jina na nambari ya kinanda chenu.

JE, NYATITI IKO WAPI?

Swali hili tuliulizwa na mzee mmoja, na ni swali la haki. Katika nyumba ya vyombo vya asili imo kalimba, nambari 109, na fidla ya kienyeji, nambari 111. Nyatiti yetu ya nyuzi nane haimo, wala orutu ya uzi mmoja haimo. Walioandika orodha hawakuwa wanatufikiria sisi.

Hata hivyo wapigaji wa ohangla wa siku hizi wanatumia kinanda sana. Kama mnataka ladha ya orutu, jaribuni 111. Kwa nyatiti jaribuni 25, gitaa la nyuzi za nailoni, mkipiga noti za chini. Haitakuwa nyatiti, na mwenye kuijua atatambua mara moja. Akiwepo mpigaji wa nyatiti mwenyewe, mpeni nafasi yake na kinanda kinyamaze.

KAZI YA JIONI MBILI

Kusikiliza sauti mia sita mtu mmoja peke yake, tena siku ya shughuli, haiwezekani. Fanyeni hivi:

1. Chagueni watu watatu. Mmoja apige, mmoja asimame mbali kama hatua ishirini, mmoja aandike. Anayepiga si hakimu mzuri, kwa sababu yeye anasikia kwa karibu na anapenda anachokipiga.

2. Tumieni spika zile zile mnazokwenda nazo kwenye shughuli, na kama inawezekana wekeni nje. Sauti inayopendeza kwenye visikizio vya masikioni huweza kupotea kabisa kwenye uwanja wenye upepo wa ziwa.

3. Pigeni wimbo mmoja tu kwa sauti zote, ule unaojulikana na kila mtu, na msibadilishe kipimo cha nguvu. Mkibadilisha wimbo, hamtajua kama mmependa sauti au mmependa wimbo.

4. Jioni ya kwanza pitieni nyumba kwa nyumba, upesi upesi. Kila sauti ipewe muda mfupi wa kusikika. Mwandishi aandike nambari, jina, na alama moja kati ya tatu: NZURI, LABDA, HAPANA. Msibishane sana.

5. Jioni ya pili rudieni zile NZURI tu, na safari hii waimbaji wawepo. Sauti inayofunika maneno ya waimbaji haifai, hata ikiwa tamu namna gani. Punguzeni mpaka zibaki kama kumi na mbili.

Mtu akisema kumi na mbili ni chache, mwambieni ahesabu ni sauti ngapi alizotumia katika harusi iliyopita. Tulipowauliza kikundi kile, walihesabu wakapata tano.

KUPANGA KWA SHUGHULI

Kiwanda kimepanga sauti kwa aina ya vyombo. Ninyi pangeni kwa shughuli zenu. Vinanda vingi vina kumbukumbu za mtumiaji, ambazo kwa baadhi yake huandikwa REGIST MEMORY, zimegawanywa katika safu zinazoitwa benki. Ipeni kila shughuli benki yake. Kwa mfano:

Benki 1, ibada: piano, ogani, nyuzi.
Benki 2, matanga: ogani laini, kwaya, nyuzi.
Benki 3, harusi: piano yenye kung'aa, gitaa, tarumbeta.
Benki 4, ohangla na benga: gitaa, besi, fidla ya kienyeji.

Siku ya matanga mpigaji anafungua benki 2 na hatoki humo. Hakuna bunduki ndani ya benki 2, kwa sababu hamkuiweka.

Namna ya kuhifadhi inatofautiana kidogo kwa kila kinanda, lakini kwa kawaida ni hivi. Chagueni sauti, rekebisheni nguvu yake, chagueni benki, kisha shikilieni kitufe cha kuhifadhi huku mkibonyeza nambari mnayotaka. Hapo kuna mitego mitatu:

Mtego wa kwanza: kilichokuwapo katika nambari ile kinafutika. Angalieni daftari kabla ya kubonyeza.

Mtego wa pili: vinanda vingi huhifadhi pia mdundo, kasi yake na ufunguo wa wimbo pamoja na sauti. Mkihifadhi piano wakati mdundo wa harusi uko juu, mdundo huo utarudi nayo.

Mtego wa tatu: nguvu zisipolingana, mpigaji akihama kutoka nyuzi kwenda tarumbeta watu wataziba masikio. Linganisheni kabla ya kuhifadhi.

KUTUNZA

Msizime kinanda wala kuchomoa waya wakati kinahifadhi. Kama umeme wenu ni wa jua na betri inachoka jioni, fanyeni kazi ya kuhifadhi mchana betri ikiwa imejaa.

Vinanda vingi vya zamani hutunza kumbukumbu kwa betri ndogo iliyo ndani. Betri ile ikifa baada ya miaka, kila mlichopanga kinapotea, ingawa mara nyingi sauti za kiwandani zinabaki. Fundi anaweza kuibadilisha. Kinanda chenye nafasi ya flashi kinaruhusu kunakili kumbukumbu, kwa hivyo nakilini, na flashi akae nayo mweka hazina.

Lakini kinga kubwa ni daftari. Andikeni benki, nambari, jina la kiwandani, na jina lenu wenyewe kwa lugha mnayosema, Kisuba, Kijaluo au Kiswahili. Mtu akiona "ya kutoa mwili" ataelewa upesi kuliko "Slow Strings". Fanyeni nakala mbili. Moja iwe kwenye mfuko wa kinanda, ndani ya karatasi ya nailoni kwa ajili ya maji ya boti. Ya pili iwe kwa katibu pamoja na kumbukumbu za mikutano. Na sheria iwe kwamba hakuna anayebadilisha kumbukumbu bila kuandika tarehe na jina lake.

Vilevile wafundisheni wapigaji wasiopungua watatu. Kijana akipata kazi ng'ambo, tumshangilie na tumsindikize mpaka bandarini. Kinanda kisisafiri ndani ya kichwa chake.

Kikundi kile kilifanya kazi hii jioni mbili, chini ya mwembe. Baadaye kukawa na mazishi mengine, binti yule yule akapiga kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyegeuka kutazama kinanda. Katika matanga hiyo ndiyo sifa ya mpigaji. Juma lililofuata akaja mtu kuuliza bei ya kukodi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kikundi chetu kina kitu gani ambacho mtu mmoja tu anajua kukitumia? Akiondoka kesho, itakuwaje?
2. Nani anatunza daftari, na nakala ya pili iko wapi?
3. Kwenye matanga na harusi zetu, ni sauti gani wazee wanapenda, na ni ipi inawaudhi? Tumewahi kuwauliza?
4. Tunawezaje kuweka nafasi ya nyatiti na orutu pamoja na kinanda, ili vijana wasivisahau?

Mkimaliza kazi yenu ya jioni mbili, tuandikieni mtuambie ni sauti zipi kumi na mbili mlizochagua. Vikundi vingine vingependa kujua.