Kompyuta ya Kikundi Ikijizima na Kujiwasha: Tuanzie Wapi?



Tunapotembelea vikundi, kuanzia Matasia mpaka Kitengela, kuna swali linalorudi mara nyingi: "Kompyuta yetu ya mezani inajizima yenyewe, halafu inajiwasha tena. Je, imeharibika kabisa? Tuitupe?" Jibu letu ni hili: msiitupe, na msikimbilie kununua kitu. Kwanza ichunguzeni.

Jambo hili si dogo. Mweka hazina anaingiza marejesho ya mikopo, amefika kwa mwanachama wa tisa, mara kioo kinakuwa cheusi. Mashine ikirudi, majina matano hayana malipo. Wiki mbili baadaye mama mmoja anaambiwa ana deni, naye anajua alilipa. Hapo watu wanaanza kumwangalia mweka hazina vibaya. Kikundi kinaweza kuvunjika kwa sababu ya soketi iliyolegea.

LINDENI HESABU KWANZA

Kabla ya kutafuta ugonjwa, fanyeni mambo matatu. Andikeni kila malipo kwenye kitabu cha risiti chenye kaboni, mbele ya anayelipa. Kwenye kompyuta, bonyezeni Ctrl na S kila mnapomaliza mtu mmoja, msingoje mwisho wa mkutano. Halafu mkutano ukiisha, nakilini hesabu kwenye flashi diski ikae kwa katibu. Mashine ikizimika ghafla huweza kuharibu faili lote, si ile kazi ya mwisho peke yake.

DAFTARI LA WIKI MOJA

Mganga mzuri huuliza maswali kabla ya kutoa dawa. Wekeni daftari kando ya kompyuta. Kila ikijizima, andikeni: ni saa ngapi? Ilikuwa imewaka kwa muda gani? Mlikuwa mnafanya nini? Na nje kulikuwa na nini: mvua, upepo, kinu cha posho, fundi wa kuchomelea vyuma? Baada ya wiki, mtaona njia inayoelekea kwenye chanzo.

1. STIMA

Kama inajizima wakati wowote, hata ikiwa imewaka sasa hivi tu, anzeni na stima. Ile giza ya usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, iliyofunika karibu Kenya nzima, kila mtu aliiona. Lakini kuna kukatika kwingine ambako hakuonekani. Stima yetu hupiga mizunguko 50 kwa sekunde moja. Pawa saplai, yaani kile kisanduku cha ndani kinachopokea stima, huweza kuvumilia kukosa stima kwa muda wa kama mzunguko mmoja tu. Basi stima ikipepesa kidogo, taa inaweza isionyeshe chochote, lakini kompyuta imeshaanguka. Laptopu kwenye soketi hiyo hiyo itaendelea, kwa sababu ina betri. Kwa hiyo msiseme, "Mbona laptopu haizimiki? Stima ni nzuri."

Ondoeni ekstensheni, chomekeni moja kwa moja ukutani. Sukumeni vizuri waya nyuma ya kasha, ule huwa unalegea. Jaribuni soketi nyingine siku nzima. Plagi ikiwa ya moto au ina alama nyeusi, acheni kuitumia na muite fundi wa stima. Kama mnatumia UPS, kumbukeni kwamba betri yake huchoka baada ya miaka mitatu hivi mpaka mitano. UPS yenye betri mbovu yenyewe inaweza kuwa ndiyo inayoiangusha mashine.

2. JOTO NA VUMBI

Kama inafanya kazi vizuri nusu saa ndipo inajizima, na ikiwashwa tena inajizima mapema zaidi, hiyo ni dalili ya joto. Ubongo wa kompyuta, unaoitwa prosesa, ukikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hujilinda kwa kuzimisha mashine. Na sisi huku tunajua vumbi la kiangazi. Linaingia ndani ya kasha, linashikana kama blanketi, feni haipitishi hewa.

Zimeni, chomoeni waya ukutani, fungueni kasha mkiwa nje penye hewa. Shikilieni feni kwa kidole isizunguke, halafu toeni vumbi kwa brashi laini ya rangi au blowa. Msitumie kitambaa chenye maji. Angalieni kama kuna mjusi au sisimizi waliojenga humo. Washeni muone kama feni zote zinazunguka. Kasha liwekwe juu ya meza, mbali na ukuta, si sakafuni. Na kile kitambaa cha kufuma kinachofunika kasha kiondolewe mashine ikiwa inafanya kazi.

3. PAWA SAPLAI NA KAPASITA

Kama inajizima hasa mnapochapisha au mnapochomeka kitu kingine, pawa saplai inaweza kuwa imechoka. Mashine za zamani zina ugonjwa wake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 viwanda vingi vilitumia kapasita mbovu, vile vimitungi vidogo vilivyosimama kwenye bodi. Dell OptiPlex GX270 ni mojawapo ya zilizopatikana na shida hiyo, na mwaka 2005 kampuni hiyo ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya matengenezo. Kapasita nzuri ina kichwa bapa. Ikiwa imevimba kama mkate au inatoa uchafu wa kahawia, basi mmepata mwizi wenu.

ANGALIENI: Kisanduku cha pawa saplai chenyewe MSIKIFUNGUE. Hata kikiwa kimechomolewa, ndani hubaki stima inayoweza kuua. Na kama kina swichi ndogo nyuma ya 115 na 230, ikae 230. Stima yetu ni ya volti 240.

4. MEMORI NA PROGRAMU

Mkiwa mmechomoa waya, toeni kile kipande cha memori, sugueni meno yake polepole kwa raba safi ya penseli, pangusa, rudisheni mpaka kibane pande zote mbili.

Wakati mwingine Windows yenyewe hukutana na kosa na kuwasha mashine upya kabla hamjasoma maandishi. Iambieni isubiri. Bonyezeni kitufe cha Windows na R, andikeni sysdm.cpl, ingieni Advanced, kisha Settings iliyo chini ya Startup and Recovery, mwondoe alama kwenye Automatically restart. Ikitokea tena, maandishi yatabaki kwenye kioo. Yanakilini kwenye daftari au yapigeni picha kwa simu.

MKIENDA KWA FUNDI

Badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hamtajua ni dawa gani iliyoponya. Mkishindwa, nendeni kwa fundi mkiwa na lile daftari. Waende watu wawili, wakubaliane bei kabla kasha halijafunguliwa. Mwombeni ajaribu kwanza kwa pawa saplai nyingine nzima kabla hamjanunua mpya, na awarudishie kipande cha zamani. Fundi mwaminifu hatakasirika. Haraka haraka haina baraka, hasa kwa pesa za watu wengi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kompyuta yetu ikifa leo, tunaweza kuonyesha salio la kila mwanachama kutoka wapi?
2. Nani ana nakala ya hesabu, na mara ya mwisho ilinakiliwa lini?
3. Mweka hazina wetu akipoteza kazi kwa sababu ya stima, je, tuna utaratibu wa kumsaidia kuikagua na risiti, au tutamlaumu tu?
4. Nani atashika daftari la wiki moja, na tutalisoma pamoja siku gani?